Siku Mama Akai Alipovua Shanga

Bado kuna maduka Kakuma ambayo nikiingia watu wananyamaza, halafu mmoja anashika shingo yake na wote wanaangua kicheko, kwa hiyo nimeona afadhali mimi Ewoi niwasimulie mwenyewe kabla hamjaisikia kwa wale ambao wameshaiongezea ngamia na polisi (hakukuwa na ngamia, wala polisi, aibu yenyewe ilitosha).

Chanzo kilikuwa wivu. Nilikuwa nimemaliza chuo na kupata kibarua katika ofisi ndogo pale Lodwar inayowaazimisha vifaa watu wasiosikia vizuri, na Akai, mchumba wangu (mimi ndiye niliyekuwa nikimwita mchumba, yeye alikuwa anasema "tutaona"), alikuwa mkalimani wa Kiturkana katika ofisi hiyohiyo. Wakampeleka Kakuma, kwenye kambi ya wakimbizi, afanye kazi na kijana Mkongo anayeitwa Bahati. Kila nikimpigia simu, Bahati yumo. Bahati kasema hivi, Bahati katengeneza vile, Bahati anapika majani ya muhogo matamu ajabu. Mimi nalala naangalia mabati, najiuliza: mtu anajuaje utamu wa mboga ya mtu bila kwenda kula kwake? Na kama alikwenda, alikaa kiti gani?

Basi ukaitishwa mkutano Kakuma wa kuwaonyesha watu mtambo mpya wa kusikilizia, na mimi nikaambiwa niwapeleke kina mama kutoka Lodwar, mmoja wao akiwa mama yake Akai. Huyu mama alikuwa na kifaa chake cha sikioni, na ukikaa naye karibu mnaongea vizuri, ila kwenye umati anasikia kelele tupu. Siku hiyo angemsikia binti yake akizungumza mbele ya watu kwa mara ya kwanza. Nami nilijua kwamba neno la huyu mama ndilo lingeigeuza ile "tutaona" iwe ndiyo, kwa hiyo nilimbebea mfuko, nikamnunulia maji, nikamkalisha dirishani. Njia nzima aliniuliza jambo moja tu, kama Apa Akai, yaani mumewe, amepiga simu, kwa sababu alikuwa ameenda kutazama mifugo yake upande wa Kapedo, kwenye wizi wa mifugo, na tangu aondoke simu yake haikupatikana.

Tulipoingia ukumbini (ukumbi wa kanisa, mabati juu, watu wamejaa mpaka mlangoni) nikamwona Bahati. Mrefu. Shati limepigwa pasi, katika vumbi lile! Waturkana anawaambia "ejok", watu wa Sudan Kusini anawasalimia kwa Kiarabu chao, na wote wanamchekea. Akaeleza kwamba msemaji anabana kipaza sauti kidogo kwenye kola, sauti inaruka bila waya mpaka kwenye kipokezi unachoweka mfukoni, kisha inaingia kwenye hedfoni zako, na makelele ya ukumbi unayaacha nje. Halafu akambania Akai kile kipaza sauti kwenye kola. Mimi nimebana vipaza sauti vingi, na nawaambia kazi ile haichukui muda aliouchukua yeye.

Akaja kwa Mama Akai, akamvisha hedfoni juu ya masikio.

"Mama, unasikia muzuri?"

Kule mbele Akai akanong'ona kwa Kiturkana, "Mama, ni mimi." Mama akaziba mdomo kwa mkono, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Kisha akamshika Bahati mkono, akanigeukia mimi, niliyembebea mfuko tangu Lodwar, akasema, "Huyu mtoto ana mikono mizuri."

Hapo ndipo nilipoharibu.

Begini nilikuwa na kitanzi cha shingoni. Ni waya unaouvaa kama mkufu, unachomeka kwenye kipokezi, unasukuma swichi ya kifaa cha sikioni hadi kwenye herufi T, na sauti inaingia moja kwa moja bila hedfoni. Chuoni tulisifu sana njia hii. Nikajiambia kwamba mama akisikia vizuri zaidi ya alivyosikia kwa Bahati, ataona na mimi nina mikono. Hedfoni zilikuwa zinafanya kazi. Narudia, zilikuwa zinafanya kazi! Nikazivua, nikamvisha kitanzi juu ya shanga zake, nikasukuma swichi.

Mama akakunja uso. "Nyuki," akasema. "Wamejaa kichwani."

Nikakagua betri, chaneli, waya, kila kitu isipokuwa inveta ya sola iliyokuwa inavuma nyuma ya kiti chake, na ndiyo iliyokuwa inamletea hao nyuki, kwa kuwa T hunasa mvumo wa umeme. Kule mbele Akai ameanza kuzungumza, dakika zinapita, mama hasikii kitu, na Bahati ameanza kutuangalia. Nikatazama shanga. Zilikuwa zimepandana kutoka mabegani hadi kidevuni, na akili yangu, ambayo ikiwa na hofu huwa inafikiri mno, ikaamua kwamba shanga ndizo zinazozuia.

Nikapiga magoti, nikamwambia kwa adabu zote, "Mama, naomba tuvue shanga kidogo tu, nitakurudishia."

Nilichosahau ni kwamba swichi ikiwa kwenye T, kifaa kinafunga sauti zote za nje. Hakusikia hata neno. Alichoona ni kijana aliyetoka naye Lodwar, amepiga magoti, jasho linamtiririka, macho mekundu (sikuwa nimelala, ni yale mawazo ya majani ya muhogo), anamwonyesha kwa mikono kwamba avue shanga. Na kwetu mwanamke hazivui hivihivi. Anazivua akifiwa. Msiniulize kama nilijua. Nilijua, nimezaliwa Turkana, ila dakika ile nilikuwa namjua Bahati tu.

Akaniuliza taratibu, "Apa Akai?"

Nikadhani ananiambia kwamba shanga alinunuliwa na Apa Akai. Nikatikisa kichwa kukubali, hata nikaweka mkono kifuani kwa heshima.

Akazivua, moja baada ya nyingine, akazilaza mapajani. Kisha akapiga yowe.

Wenzake wa Lodwar waliona shingo tupu, nao wakapokea. Akai, katikati ya maelezo ya kuchaji betri, akamwona mama yake, akalia "Apa!" na kilio kikaingia katika kila hedfoni, watu wakaruka vitini. Mama mmoja wa Sudan Kusini, asiyejua hata nani amekufa, akaanzisha wimbo wa mazishi, na kwaya ya kanisa ikamfuata kwa sauti mbili.

Nikapaza sauti, "Hakuna aliyekufa!" Nani anisikie? Kipaza sauti kilikuwa kimoja, nacho kilikuwa kwenye kola ya Akai, basi nikakimbia mbele nikaanza kuongea na kola yake. "Hajafa, jamani! Nilikuwa natoa nyuki!"

Akai akanikamata shati. "Nani hajafa?"

"Baba yako!"

"Basi kwa nini mama amevua shanga?"

Bahati akafika, ametulia kama hakuna msiba. "Akai, piga simu ya muzee." Safari hii ikaita. Bahati akaiweka sauti ya juu, akaisogeza kwenye kola, kisha akarudi kwa mama, akairudisha swichi ilipokuwa, akamvisha hedfoni zilezile nilizozivua.

"Halo? Nani analia hapo? Mbuzi wangu wa nyumbani wako salama?"

Kwaya ikakatiza wimbo. Mama akasema kwa sauti kubwa, "Apa Akai, umekufa?"

Akai akayarudia maneno hayo kwenye simu.

"Nani amesema nimekufa?"

"Ni Ewoi, Apa."

"Ewoi ni nani?"

Hapo nikasahau aibu yote, nikamtazama Akai usoni, kwa sababu hilo ndilo swali nililotaka mzee aulize tangu mwaka uliopita. Akai akavuta pumzi.

"Ni mtu wa ofisini," akajibu, na masikio yote ya Kakuma yakasikia vizuri kabisa, bila nyuki.

Kwetu mtu aliyeliliwa akiwa hai lazima achinjiwe mnyama. Mzee aliporudi Lodwar nilimpelekea mbuzi mwenyewe, nikimburuta katikati ya mji huku wenye maduka wakinitakia heri ya harusi. Mbuzi akachinjwa, wazee wakabariki, Mama Akai akavaa shanga zake. Nilipoona nyuso zimelainika nikakohoa, nikaanza kusema kuhusu mimi na Akai. Mzee akaniinulia mkono.

"Mbuzi huyu ni wa kunirudisha mimi kutoka kwa wafu. Hayo mengine hujayaletea kitu."

Akai akacheka, mara ya kwanza tangu Kakuma, na sijui mpaka leo alikuwa anacheka nami au ananicheka (nimeliwaza hilo kutoka pande zote). Mama yake naye akauliza yule mtoto wa Kongo atakuja lini kuwasalimia. Nikamjibu atakuja, karibu na sikio, taratibu, na nikasubiri anijibu ndipo niondoke. Ndivyo nilivyoapa kufanya kazi hii: mtu akisema anasikia, namwacha asikie, hata kama aliyemvisha hedfoni ni Bahati.