Somo la Mfano la Mama Usawa

Dada yangu mkubwa ni mwalimu, na hajawahi kukosa semina. Ikitangazwa ya usawa darasani, yeye ndiye wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka, na akirudi hatupumui. Mara upendeleo uliojificha, mara sauti ya kila mtoto. Walimu wenzake wakambatiza Mama Usawa. Akafurahi, masikini, hakujua wanamtania.

Basi wakufunzi wa semina wakasema watakuja shuleni kwake kutazama somo la mfano, wamwone mwalimu anayempa kila mtoto nafasi. Binti yangu yumo darasani mwake, na ana kigugumizi. Kwa sababu hiyo mama yake mkubwa hajawahi kumsimamisha ajibu, eti anamwonea huruma. Huruma gani hiyo, mimi sijui. Ila safari hii mtoto alisikia "kila mtoto", akaamini. Kutwa yuko mbele ya kioo anajizoeza kusoma kifungu cha somo hilo, anakwama, anarudia, mpaka nyumbani sote tukakijua kwa kichwa.

Yaliyotokea nilisimuliwa na mwalimu wa darasa la jirani. Kabla wageni hawajaingia, Mama Usawa alitembeza macho darasani. Wenye sare zilizochakaa, wanaosoma kwa kubabaika, na binti yangu, wote akawapa ndoo wakamwagilie maua nje mpaka kengele ilie. Ubaoni akaandika kwa chaki za rangi kwamba hapa haachwi mtoto. Na kweli, wa kuachwa walikuwa wameshatolewa. Wageni walipouliza swali, mikono yote ikawa juu, nao wakaandika sifa mpaka kalamu zikachoka.

Wakati wa kutoka, mkufunzi mmoja akapita penye maua, akamuuliza binti yangu anasoma darasa gani. Mtoto akaona zamu yake imefika. Akatua ndoo, akajiweka sawa.

"Mi-mi-mi..."

"Huyu si wa darasa letu," dada akamkatisha huku akitabasamu, akampeleka mgeni kwenye chai.

Damu yake mwenyewe, jamani.

Jumapili, mama yetu akiwa amekuja kututembelea, dada akatua kwetu na cheti alichopewa na wakufunzi, kimetiwa fremu. Sasa atawafundisha walimu wengine. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu tangu asubuhi, lakini yeye akaniwahi, akampa binti yangu cheti.

"Hebu msomee bibi yako kwa sauti, mwanangu."

Mtoto akakitazama. Akavuta pumzi. Tukasubiri.

"Mi-mimi," akasema, "si wa da-darasa lenu, mama mkubwa."

Akamrudishia. Aliimaliza sentensi yake yote na hakuna aliyemkatisha. Dada akaanza kutafuta mkoba wake, na mkoba ulikuwa begani.