Insha Moja, Alama Mbili

Zipporah Navalayo alikuwa mwalimu wa Kiswahili wa darasa la saba katika shule moja ya msingi nje kidogo ya mji wa Kakamega. Alizaliwa Butali, akapanga nyumba Shieywe, na udhaifu wake mkubwa ulikuwa kicheko. Kikimshika hakimwachi. Aliwahi kutoka mbio katika mkutano wa wazazi kwa sababu mwenyekiti alivaa soksi za rangi mbili.

Muhula wa pili wa mwaka 1996, aliporudisha insha za mtihani, msichana aitwaye Dorothy alimfuata hadi ofisi ya walimu akiwa na karatasi mbili mkononi.

"Mwalimu, hapa kuna makosa. Maurine amepata ishirini na tisa kwa arobaini. Mimi umenipa kumi na saba."

"Maurine aliandika vizuri kuliko wewe."

"Haiwezekani, Mwalimu. Mimi nilinakili yake, neno kwa neno."

Mwalimu Zipporah akaweka kalamu chini. "Kwa hiyo umekuja kujishtaki?"

"Nimekuja kuuliza alama zangu. Kwa kunakili niadhibu tu, nimekosa. Lakini insha ni moja."

"Maurine anajua?"

"Hajui. Mimi hukaa nyuma yake, na macho yangu ni mazuri."

Mwalimu akazilaza karatasi sambamba. Kweli, ilikuwa harusi ileile ya Shianda, na jogoo yuleyule aliyetoroka kisu akakimbilia kwenye miwa, wapishi wakimfuata. Hata kosa lilikuwa lilelile: mahali pa "tulikula" pameandikwa "tulikura", mara saba. Kwa Maurine, kalamu nyekundu ilikuwa imepiga mstari mara moja. Kwa Dorothy, mara saba. Pembeni mwa sentensi ya jogoo, Maurine aliandikiwa "Umbuji mzuri". Dorothy, kwa sentensi hiyohiyo, "Porojo".

Kicheko kikamshika. Alicheka mpaka akaegemea kabati, na Dorothy, ambaye alikuja tayari kwa kiboko, naye akaanza kucheka bila kujua kama ameruhusiwa.

Adhabu aliipata: sifuri, na insha mpya ya kuandika Jumamosi. Lakini alipoondoka, Mwalimu Zipporah alibaki ameshika zile karatasi, kicheko kimeisha. Alikumbuka kwamba ya Maurine aliisahihisha asubuhi, chai ikiwa bado moto. Ya Dorothy ilikuwa ya hamsini, njaa imembana, na alipoona tu jina hilo juu ya karatasi alishusha pumzi kwa kuchoka.

Kesho yake aliiandika upya insha hiyo kwa mkono wake, nakala mbili, bila jina. Moja akampa Bwana Osundwa, mkuu wa idara, nyingine akampa Mwalimu Husseini wa Mumias. Osundwa alitoa kumi na mbili. Husseini alitoa thelathini na tatu.

"Thelathini na tatu?" Osundwa akauliza. "Mtoto huyu amepiga kura harusini mara saba."

"Ana methali nne, na kila moja imekaa mahali pake," Husseini akajibu.

"Makosa ya rugha ni makosa ya rugha."

Husseini akatazama dari. Zipporah akauma leso. Kisha Osundwa mwenyewe akasikia alichosema, mabega yake yakaanza kutikisika, na wote watatu wakacheka mpaka mpishi akaja kuchungulia dirishani.

Ndipo Zipporah akawaonyesha zile karatasi mbili na alama zake mwenyewe. Osundwa alisoma "Umbuji mzuri", akasoma "Porojo", akavua miwani.

"Miaka kumi na minane nimekuwa nikisema jicho langu ni mizani," akasema polepole. "Sijui nimewapunja wangapi."

Walikaa hapo hadi saa kumi na moja jioni wakibishana. Husseini hakukubali kuacha methali zake, wala Osundwa sarufi yake, basi wakagawa alama kabla ya kugusa karatasi yoyote, kila kitu na fungu lake. Kosa likirudiwa, lihesabiwe mara moja. Majina yafungwe, watoto waandike namba. Insha ambayo wawili wamepishana kwa alama zaidi ya tano, wa tatu aisome. Juu ya hati mbaya hawakuelewana kabisa, na mpaka Zipporah alipohamishwa mwaka 1999 walikuwa bado wanazozana.

Muhula wa tatu, namba 34 ilipata ishirini na sita, na aliyeitoa alikuwa Osundwa. Walipofungua majina wakakuta ni Dorothy. Osundwa alipekua insha zote hamsini akitafuta ilikonakiliwa. Hakuiona popote.

Dorothy alipopewa karatasi yake aliisoma taratibu, kidole juu ya kila mstari mwekundu, kisha akainua mkono.

"Mwalimu, hili la pili si kosa."

Wakafungua kamusi pamoja, vichwa karibu kugongana. Dorothy alikuwa sahihi. Ikawa ishirini na saba.