Neno Lisilo na Mahali pa Kupumulia

Shuleni nilijulikana kwa maneno magumu. Wenzangu wakiandika "happy", mimi niliandika "euphoric". Wakiandika "big", mimi "gargantuan", hata kama kilichozungumziwa ni kiazi. Mwalimu wa Kiingereza aliniwekea vema nyekundu pembeni, nami nikaamini dunia nzima itaniwekea vema vilevile. Nilikuwa na daftari lililojaa visawe, na nililitunza kuliko Biblia yangu. Kiburi nilikuwa nacho, sitaficha.

Nilipomaliza kidato cha nne nilikaa nyumbani Naivasha nikisubiri matokeo. Tulikuwa wawili, mama na mimi, katika chumba kimoja huko Karagita. Mama alipanga na kufunga waridi katika shamba moja la maua kando ya ziwa, kazi ya kusimama kutwa ndani ya jumba linalotiwa baridi ili maua yasifunguke. Alikuwa ameifanya tangu nikiwa darasa la pili. Ndipo ikatangazwa nafasi ya supavaiza. Supavaiza huzunguka, huandika, na ana kiti. Mama aliitaka kazi ile kwa sababu ya kiti, na alisema hivyo waziwazi: magoti yalikuwa yameanza kumgomea. Mimi nilidhani anatania.

Alinipa barua ya maombi aliyoiandika mwenyewe kwa kalamu. "I am a hard-working woman," ilianza. Nikacheka, Mungu anisamehe.

"Mathe, 'hard-working' ni ya kila mtu. Hata wenye hawafanyi kazi wanaiandika."

"Na mimi si ni mtu tu kama kila mtu?"

"Zii, wewe si kama kila mtu. Ngoja."

Nikafungua daftari. "Diligent" nikaliruka, lilikuwa limechakaa. "Sedulous" lilisikika kama dawa ya minyoo. Kisha nikaliona: "indefatigable". Mtu asiyechoka. Nililiandika kwa mwandiko wa kuringa, nikaenda kwenye kompyuta za saiba kuichapisha barua, na njiani kurudi nilitembea kama aliyeajiriwa.

Wakamwita kwa mahojiano. Basi ikawa hana budi kulijua lile neno, maana ukishajaza ng'eng'e ya Kiingereza kwenye barua watataka kuisikia kinywani. Siku nne tulifanya mazoezi. Alilisema akichuja chai, akisonga ugali, akianika nguo.

"Indifatigebo."

"Indefatigable, mathe."

"Indifatingibo."

Siku ya tatu aliweka mwiko chini.

"Hii neno haina mahali ya kupumulia," alisema. "Ukianza lazima umalize."

Tulicheka mpaka ugali ukashika sufuria. Nampenda mama yangu kwa mengi, lakini kwa hili zaidi: alikuwa na hofu, tena hofu kubwa, na bado alicheka nami.

Asubuhi ya mahojiano alivaa sketi ya kanisani, akaondoka akilisema kwa sauti ya chini. Mimi nikabaki nikifagia palipokwisha kufagiwa. Kufikia saa sita akili ilinirudia. Ulimi ukimkwama, si wataona barua nzima ni ya uongo? Nafasi itaenda kwa mwingine, na mama atarudi kusimama kwenye baridi miaka mingine, yote kwa ajili ya madoido yangu. Akili ni nywele, wanasema, kila mtu ana zake. Siku hiyo niligundua nina kipara.

Alirudi saa kumi. Nilimpokea getini.

"Ilienda aje?"

"Walisoma barua. Mkubwa wao akaniambia nisome hiyo neno. Ikakwama."

"Woi, mathe."

"Nikawaambia, hiyo ni neno ya binti yangu. Anasema ni mtu hachokangi. Wakacheka. Sasa huyo mkubwa akaniuliza kama ni ukweli, kama mimi sichokangi."

"Ukasema nini?"

"Nikamwambia nachoka. Nachoka kila siku, ndio maana nataka hiyo kazi." Alikuwa akifungua kifungo cha koti, bila haraka. "Kuna siku nafika kwa hii geti nasimama hapa nje kwanza, ndio nikiingia usione."

Kazi aliipata wiki mbili baadaye, na yule mkubwa mpaka leo akimwona humwita kwa lile neno, akilitamka bila makosa yoyote. Lakini jioni ile hatukulijua hilo. Nilijua tu kwamba nimeaibika, na si kwa sababu ya Kiingereza. Yale maneno mengine yote nilikuwa nayapachika kwa mbwembwe. Hili nilikuwa nimelichagua kwa sababu niliamini ni kweli. Nilikuwa nimelala chumba kimoja na mama yangu miaka yote ile, na sikuwahi kujua kwamba anachoka.

Tulipoingia ndani nilimvua mkoba begani, nikamsukuma polepole hadi kitandani, nikachukua sufuria.

"Kaa, mathe. Leo napika mimi."

Alikaa pembeni kabisa ya kitanda, mikono juu ya magoti, akanitazama nikiwasha jiko. Kisha akaniuliza, na hakuwa akitania:

"Nikae nifanye nini?"