Sentensi ya Mama Iliyobaki na Pengo

Kuna sentensi moja ya mama yangu ambayo niliijaza mwenyewe, na mpaka leo sijui kama niliijaza sawasawa. Baba huniomba niirudie kila ninapokwenda kumtembelea. Nairudia. Nikitoka kwake huwa sina hamu ya kula wala ya kuongea na mtu.

Nianze na Kiingereza, maana ndicho kilichotufikisha huko. Nilimaliza kidato cha nne Shinyanga nikafeli Kiingereza. Nikarisiti, nikafeli tena. Safari ya tatu niliapa kwamba nikikosa naachana na habari ya uuguzi, nakaanga maandazi kama wenzangu na maisha yanaendelea. Masomo mengine nilikuwa nayo. Kilichokuwa kinanizibia njia ni hicho kimoja, na ndani yake hasa ile sehemu ya msamiati: unapewa boksi la maneno, chini yake sentensi zenye mapengo, uchague neno la kujaza kila pengo. Mtu anayekijua Kiingereza anaimaliza kabla hajakaa vizuri kwenye kiti. Mimi nilikuwa natoka jasho.

Mwalimu wetu wa tuisheni alikuwa na kanuni moja aliyoirudia mpaka tukaichoka. Usiache pengo wazi. Ukiacha wazi umeshakosa, ukijaza chochote huenda ukapata. Alitufanya tuiseme kwa pamoja kabla ya kutoka darasani. Niliishika kanuni hiyo kuliko kitu kingine chochote alichonifundisha, na kusema kweli kuna siku namchukia kwa ajili yake, ingawa maskini hakukosea kitu.

Aliyekuwa ananisikiliza nyumbani ni mama. Alisoma mpaka darasa la saba kwao Kishapu, na Kiingereza chake kiliishia kwenye salamu na kuhesabu mpaka ishirini. Lakini kusoma alijua. Asubuhi, akishamaliza kazi za ndani, alitandika mkeka kwenye kibaraza chetu pale Ngokolo, akachukua ungo wa mchele wa Kagongwa aliokuwa akimchambulia mama mmoja mwenye mgahawa, akaegemeza kijitabu cha mitihani ya nyuma kwenye ndoo. Mkono ukitafuta chuya na mawe, macho yakinisomea sentensi. Alisoma Kiingereza kama Kiswahili, kila herufi ikapata haki yake, tena kwa lafudhi ya kwao. Wazungu waliotunga ile lugha wangepita pale kibarazani wasingejua kama ni ya kwao. Akifika kwenye pengo aligonga ukingo wa ungo kwa kidole, ta, akaninyamazia. Hapo ndipo natakiwa kutaja neno.

Nilikizoea Kiingereza cha mama kuliko cha mwalimu. Mwalimu akisoma sentensi ileile darasani nilikuwa naishangaa, mpaka niisome tena kichwani kwa sauti ya mama, na ukingo wa ungo uitikie. Wenzangu walinicheka sana. Nami nilijicheka.

Nikishajibu, mama aligeuza kurasa za nyuma kwenye majibu, akalinganisha herufi moja baada ya nyingine, kisha akaweka tiki kwa penseli. Hakuwa na haraka wala upendeleo. Ukikosa umekosa, tunarudia kesho. Isipokuwa siku moja. Siku hiyo nilikosa saba mfululizo, nikaanza kulia, tena si kulia kwa adabu, kulia kwa hasira, nikalaani mtihani na walioutunga. Akasoma sentensi ya nane kana kwamba hajasikia. Akagonga ungo. Nikataja neno la kwanza lililonijia mdomoni. Akaangalia majibu, akaniangalia mimi, kisha akainamisha kichwa polepole, mara moja tu, midomo ameibana, akaweka tiki.

Jioni nilifungua kijitabu nikaona nimekosa. Nikampelekea.

"Mama, hii siyo."

"Najua siyo."

"Sasa umeweka tiki ya nini?"

"Ulikuwa umechoka," akasema. "Hebu nisogezee hiyo sufuria."

Nilimtania wiki nzima kwamba angekuwa yeye anayesahihisha mitihani nchi nzima ingefaulu. Alicheka. Tiki yake ile bado ipo kwenye kijitabu, sijaifuta.

Sasa baba. Baba yangu ni mtu wa mjini, wazee wake walifika Shinyanga na biashara ya vitambaa kutoka pwani, na mama alisilimu alipoolewa naye. Nikiwa shule ya msingi alikwenda Geita kwenye dhahabu, akasema anakwenda kwa miezi mitatu. Akaingia ubia na watu kwenye duara, shimo lao la kuchimbia, akapata mwanamke hukohuko, akajenga. Hakutuficha, ndiyo balaa yenyewe. Alikuja siku ya Idi, akatuambia amekaa sebuleni, akiwa na kikombe cha chai mkononi. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akamwongezea chai, akaingia jikoni. Tangu siku ile hakumpa neno hata moja. Hakumtukana, hakudai talaka, hakumsema kwa majirani. Alimnyamazia tu, miaka.

Baba alikuwa akipiga simu kila Ijumaa baada ya swala. Mama alikuwa ananisogezea simu bila kuitazama. Tukishasalimiana, "Shikamoo baba," "Marahaba mwanangu," lazima aulize, "Mama yako anasemaje?" Na mimi, mama yuko hatua mbili kutoka nilipo anachambua mchele, kimya, nilikuwa najibu, "Anakusalimia." Kila Ijumaa. Unaona nilivyoanza mapema kuyajaza mapengo ya mama. Sikuliona kuwa kosa. Nilimwonea huruma baba, na nilimkasirikia pia, na neno moja la uongo lilinisaidia kuikata simu upesi.

Wiki tatu kabla ya mtihani mama alianguka kibarazani, mchele ukamwagika pote. Alipooza upande wa kulia na maneno yakampotea. Hospitali walimlaza, wakamruhusu, wakasema mengine tumwachie Mungu. Daktari mmoja, dada mpole sana, alinieleza kwamba akili yake inaelewa, ila maneno hayaji anapoyaita. "Msimmalizie sentensi," akaniambia. "Mpeni muda atafute mwenyewe. Hata akichukua dakika nyingi, ngojeni." Nilimwitikia. Mama mdogo wangu, mdogo wake mama, alikuja kutoka Kishapu kunisaidia kumuuguza, naye nikamwambia hivyohivyo.

Siku za mwanzo mama hakutoa sauti. Kisha akaanza kupata neno moja, mawili. Akikwama, mkono wake wa kushoto uligonga ubao wa kitanda. Ta. Mara ya kwanza nilipoisikia nilitoka nje nikalia nyuma ya choo, kwa sababu nilijua maana yake na mama mdogo hakujua. Ta, maji. Ta, mto. Ta, nigeuze. Nilikuwa napatia, tena upesi kuliko nilivyowahi kupatia kwenye kijitabu. Daktari alisema tungoje, lakini nani angeweza kungoja? Uso wake ulikuwa unakunjamana kwa kulitafuta neno nami ninalo mkononi. Nilimpa. Nilijiona mtoto mwema.

Siku ya karatasi ya Kiingereza nilitaka kubaki. Mama akanitazama, akasema "Nenda," wazi kabisa. Nikaenda. Kwenye sehemu ya msamiati niliweka kidole kwenye kila pengo, nikaigonga meza kidogo sana ili msimamizi asisikie, na maneno yakaja. Sikuacha hata moja wazi. Nilirudi nyumbani alasiri nikiwa mwepesi, nimefurahi kama mjinga, nikaingia moja kwa moja chumbani nikamwambia, "Mama, nimejaza zote."

Alitabasamu kwa upande wake mzima. Kisha akakunja uso, nikaona anataka kusema jambo refu. Nikakaa ukingoni mwa kitanda. Alihangaika muda, halafu yakaja.

"Mwambie baba yako," akasema. "Mimi..."

Ta.

Miaka yote hiyo, ndiyo kwanza anamtaja. Hapo, kama kuna mahali popote duniani palipotaka mtu angoje, palikuwa pale. Sikungoja. Nilikuwa nimetoka kwenye mtihani, kichwa bado kinakimbia. Nikaanza kumtajia. "Unaumwa?" Akakataa kwa kichwa. "Unataka aje?" Akakataa. "Umechoka? Umemkasirikia? Unamdai kitu?" Anakataa. Ta, ta, anagonga. Nikamwita mama mdogo, akajaribu kwa Kisukuma, maneno ambayo mengine hata mimi siyajui, maana nyumbani tulikuzwa kwa Kiswahili. Mama akafumba macho, akagonga tena. Kilikuwa kitu fulani, kipo, kinamsubiri hapo ulimini, na sisi wawili tunampigia kelele.

Nikaanza kulia. Kulia kwangu kulekule kwa hasira. Nikamwambia, "Mama, umemsamehe? Nimwambie umemsamehe?"

Akafumbua macho. Akaniangalia mimi, muda. Kisha akainamisha kichwa polepole, mara moja tu, midomo ameibana.

Mama mdogo akashusha pumzi akasema wabeja, asante Mungu, akatoka kwenda kupika. Mimi nilibaki nimekaa. Nilikiona kile kichwa kilivyoinama na nilikifahamu. Ningeweza kumuuliza tena. Ningeweza kusema, mama, hii siyo, nakungoja, hata kama ni mpaka kesho. Nilichofanya ni kumfuta mdomo kwa kanga na kumgeuza upande wa pili, kwa sababu alionekana kuchoka, na kwa sababu mimi nilichoka.

Hakusema neno jingine. Siku ya nne alifariki, asubuhi, saa ya kuchambua mchele.

Baba alifika siku hiyohiyo, ana vumbi la barabarani mpaka kwenye nyusi. Tulipotoka makaburini alinishika mkono, akanivuta pembeni ya turubai, akauliza swali lake la kila Ijumaa. "Mama yako alisemaje?" Watu walikuwa wanapita na sahani za pilau. Ningeweza kumwambia ukweli wote: alitaka kukwambia kitu, hakukimaliza, mimi nilimkatiza. Nikamtazama, mzee wangu, amesimama viatu mkononi.

"Alisema amekusamehe," nikamwambia.

Alikaa chini palepale kwenye mchanga.

Kiingereza nilipata C. Sasa mimi ni muuguzi kwenye zahanati moja huku Geita, si mbali na baba. Wagonjwa wa kupooza nawaona wengi, na ndugu zao nawakalisha chini, nawaambia wangoje, nawaambia kwa ukali mpaka wananiogopa. Baba amezeeka, kifua kimeharibiwa na vumbi la mawe, duara wameliacha. Wageni wakija kwake huwasimulia kwamba marehemu alimsamehe kabla ya kuondoka, na kama nipo ananigeukia. "Hebu waambie alivyosema. Wewe ndiye uliyekuwepo."

Juzi aliniomba tena. Alikuwa amelala, nimetoka kumchoma sindano, hakuna mgeni, ni sisi wawili tu. "Niambie yenyewe," akasema, "kama alivyoitamka."

"Alisema, mwambie baba yako, mimi," nikasema, na kidole changu kikagonga ubao wa kitanda.

Baba alisubiri. Alifumba macho akasubiri kwa utulivu kabisa, kama mtu anayejua kinachokuja, na mimi nikamjazia.