Swali la Nasieku Juu ya Mwezi wa Pluto

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za ualimu wangu, mwanangu, ni ya muhula wa tatu, mwaka 2006. Nilikuwa kijana aliyetoka magharibi mwa Kenya, nimepanga chumba Kitengela, mji ulio nje kidogo ya Nairobi, nafundisha sayansi katika shule ya msingi ambako watoto wengi walitoka kwa wafugaji. Diploma yangu ilikuwa mpya, na maringo yake yalikuwa mapya pia. Usinicheke, hata wewe utakuwa na yako.

Nilikuwa nikiandika ubaoni majina ya sayari tisa. Nasieku, msichana wa darasa la nane, akainua mkono. Alikuwa wa kwanza kwao kufika darasa hilo, na zilibaki wiki chache tu kabla ya mtihani wa taifa.

"Mwalimu, redio ilisema Pluto si sayari tena, ati ni ndogo sana. Na bado ilisema iko na mwezi. Sasa kitu ndogo hivyo ilitoa mwezi wapi?"

Habari hiyo sikuwa nimeisikia. Na jinsi mwezi unavyotokea, hata huu wetu, sikujua. Ningesema sijui, nisingepungukiwa na kitu. Badala yake nikamwambia, "Enda uliza ng'ombe za babu yako."

Darasa lilicheka. Waliocheka zaidi walikuwa watoto wa sisi wapangaji tuliotoka kwingine, na naona haya kukuambia kwamba nilifurahi. Nasieku aliketi. Kesho yake hakuja, wala wiki iliyofuata. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na mimi nilikuwa nimejikwaa mbele ya darasa zima.

Usingizi ulinipaa. Jumamosi nikatembea hadi kwao. Nasieku aliponiona alikuja akainamisha kichwa nimguse, kama mtoto wa Kimaasai anavyomwamkia mkubwa. Nilimgusa. Heshima ile iliniuma kuliko tusi. Babu yake alinipa kiti, akaagiza chai, akangoja nimalize kikombe.

"Hizo ng'ombe niliuliza, mwalimu," alisema polepole. "Zilisema hazijui. Na hazikuona aibu. Sasa nauliza wewe. Unajua?"

"Sijui, mzee."

"Basi hiyo ndiyo ungeambia mtoto. Mimi sijamkataza shule. Ni yeye amesema, kama huko ukiuliza unachekwa, afadhali akae na mimi. Na wale walicheka, utawaambia nini?"

Jumatatu Nasieku alirudi. Nikasimama mbele ya darasa, nikamtaja kwa jina, nikamwomba msamaha, nikasema jibu la swali lake silijui.

Kisha nikaenda maktaba Nairobi. Nikasoma kwamba, kama wataalamu wengi wanavyoamini, dunia ikiwa bado changa iligongwa na gimba jingine kubwa la angani. Vipande vilivyorushwa vikabaki vikiizunguka, vikavutana, vikashikana, vikawa mwezi. Hata mwezi mkubwa wa Pluto wanadhani ulitokana na mgongano wa namna hiyo. Kwa hivyo udogo haukuinyima Pluto mwezi. Nilirudi mbio kueleza, na darasa likauliza maswali mpaka kengele ikalia. Nasieku aliandika kila neno. Hakuuliza.

Alifanya mtihani akapita vizuri, akaenda sekondari. Lakini, mwanangu, wiki zote zilizobaki hakuinua mkono tena katika somo langu. Msamaha alinipa, maswali yake alibaki nayo. Mpaka leo sijui yalikuwa yapi, na hilo linaniuma. Maji yakimwagika hayazoleki.

Basi nakuusia hivi. Utakapokuwa mkubwa wa mtu yeyote, awe mwanafunzi, mfanyakazi au mtoto wako mwenyewe, akikuuliza usilolijua, mwambie hujui, na umwambie mbele ya haohao unaotaka wakuheshimu. Usimjibu kwa kuwadharau watu wa kwao. Kuuliza si ujinga. Ujinga ulikuwa wangu niliyejifanya najua. Na neno la dharau unaweza kuliombea msamaha ukasamehewa, na bado usirudishiwe kile lilichochukua.

Mungu akulinde ulimi, mwanangu. Akupe watoto wasiokuogopa, wakuulize mpaka uchoke.