Nilishuhudia Kanisani Kwamba Tuna Bunduki

Admin, naomba unifiche kabisa. Mume wangu na wenzake wanausoma ukurasa huu kila siku.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na mmoja, mzaliwa wa Kigoma. Mume wangu, Baba Neema, ni Mkongo wa Uvira. Tunaishi Rosettenville, Johannesburg, tuna watoto wawili na duka la vitenge, dagaa na unga wa muhogo. Niseme ukweli mapema: mdomo wangu haujawahi kuwa na breki. Zamani watu walinicheka kwa hilo, nami nikacheka nao.

Dukani tulivamiwa mara mbili. Baada ya ile ya pili, Baba Neema akaamua atafute bunduki kwa njia halali. Akasoma kozi, akafanya mitihani, polisi wakaja kukagua sefu, kisha tukasubiri laiseni hadi tukakata tamaa. Sefu ilifungwa ukutani nyuma ya kabati la chumbani kwetu. Aliyemsaidia kutoboa ukuta ni rafiki yake Deo, fundi cherehani Mrundi wa mtaa wetu, ambaye naye ana bunduki yake ya laiseni. Siku laiseni ilipotoka, Baba Neema aliniambia, "Mama Neema, hii habari ibaki humu ndani. Joburg hii watu wanauawa juu ya bunduki zao wenyewe."

Jumapili iliyofuata yeye alibaki dukani kama kawaida yake, mimi nikaenda kanisani kwetu, mbali na mtaa, ambako hakuna jirani yetu anayesali. Makanisa yetu ya wageni mnayajua. Mtu akipata makaratasi, akipata kazi, akipata mtoto, anasimama kushuhudia, na asiposimama anaonekana amemnyima Mungu shukrani. Nikasimama. Nikasema Mungu amefungua mlango, mume wangu kapata laiseni ya bunduki. Vigelegele vikapigwa, nami nikanogewa. Nikaeleza hadi sefu ilivyofichwa nyuma ya kabati, kwamba mwizi apekue apekuavyo haoni kitu. Kanisa zima likacheka. Ibada ilikuwa inarushwa mubashara kwenye mtandao.

Wiki mbili baadaye, saa moja jioni, nikiwa nasonga ugali, wanaume wanne waliingia. Hawakuuliza pesa wala simu. Walikwenda moja kwa moja chumbani. Faraja, mdogo wake Baba Neema tuliyekuwa tukiishi naye, akasimama mlangoni kuwazuia. Wakampiga risasi ya tumbo, wakalivuta kabati, wakaing'oa sefu na bunduki ndani yake, wakaondoka. Nilimfunga Faraja kwa kitenge nilichokuwa nimevaa. Alikuwa ananiuliza kama watoto wako salama. Alikufa kabla ambulensi haijafika.

Siku ya tatu ya msiba nilimpigia ndugu anayeshughulikia video za kanisa, nikamwomba aifute ile ya ushuhuda wangu. Akaifuta bila kuuliza. Sikumwambia Baba Neema. Nilijiambia nitamwambia baada ya mazishi, halafu baada ya arobaini, na sasa umepita mwaka na nusu. Ninajichukia kwa hilo.

Sasa kuna chama cha wenye bunduki kinachangisha fedha za kwenda mahakamani, maana kuna maneno kwamba sheria itabadilishwa na mtu hataruhusiwa tena kumiliki bunduki kwa ajili ya kujilinda tu. Mwezi uliopita wenye maduka sita wa mtaa wetu, wote wana laiseni, walikutana sebuleni kwetu kujadili kama wachange. Baba Neema alitaka sana. Deo alikataa.

"Yaya, mimi pia niko na bunduki," Deo alimwambia Baba Neema, ambaye humwita hivyo kwa maana ya kaka mkubwa. "Lakini siku wenyeji walivunja maduka yetu sisi wageni, hicho chama kilikuwa wapi? Kitachukua pesa yetu kisitujue. Na tuseme ukweli, bunduki haikumlinda Faraja. Ndiyo iliwaleta wale watu."

Wawili wakaitikia kwa kichwa kukubaliana naye. Baba Neema akasema taratibu, "Ukiacha polisi, watu watatu tu ndio walijua sefu iko nyuma ya kabati. Mimi. Mke wangu. Na wewe uliyetoboa ukuta."

"Eish, yaya. Unasema nini?"

"Nasema ndiyo maana hutaki tuchange. Hutaki mtu mwenye haki ajilinde."

Deo akanigeukia mimi. Nilikuwa nimeshika sinia la chai. "Shemeji, sema kitu," akaniambia. Nikaweka sinia mezani, nikarudi jikoni.

Deo aliondoka bila kunywa chai. Waliobaki wote walichanga siku ileile. Tangu hapo watu wetu hawampelekei tena nguo za kushona, na mtu ameandika "muuaji" kwa rangi kwenye mlango wake. Mke wake alinipigia akilia, "Dada, wewe ulikuwa ndani siku Faraja alipouawa. Deo amekosa nini?" Nilimwambia mtandao unakatika, nikakata simu.

Jumamosi hii chama kina mkutano mkubwa wa kuchangisha, na wamemwalika Baba Neema asimulie yaliyotupata. Nitakaa mbele pamoja naye. Jana aliniambia atamtaja Deo kwa jina na kusema duka lake liko wapi. Ukumbi utajaa wanaume wenye hasira na silaha, na Deo ni mgeni katika nchi hii kama sisi.

Nilijaribu. Nikamuuliza, "Na kama si Deo?" Akanishika mkono, akaniambia, "Basi atakuwa mwingine, na huyo nikimjua, kwangu ameshakufa." Bado alikuwa amenishika mkono, akaniuliza kwa upole mbona vidole vyangu vina baridi.

Leo ni Alhamisi. Mnitukane mkitaka, nimestahili, lakini nishaurini kabla ya Jumamosi: nimwambieje?