Meli Iliyowasha Visiwa

Siku ya kwanza nilipopanda ile meli, nilikuwa na mfuko mmoja na cheti changu cha umekanika. Kule Beni, mtaa wa Beu, nilikuwa nimehudumia groupe moja ya mazutu, mashini inayozalisha umeme, kwa mfanyabiashara mwenye kusaga mihogo. Nilidhani najua kazi. Melini nikakuta mashini sita, kila moja ndefu kuliko nyumba yetu ya Bulengera, kule Butembo.

Ilikuwa santrali inayoelea, kituo kizima cha umeme juu ya maji. Ilifungwa bandarini katika nchi moja ya visiwa, na nyaya nene zilitoka humo kwenda nchi kavu, kwenye nyumba na hospitali ambayo madirisha yake tuliyaona toka melini. Mkubwa wetu, Shefu Mashini, mzee wa kulekule visiwani, alinipokea kwa Kifaransa: "Bwana Kambale, mashini haitaki mwenye haraka. Kwanza isikilize."

Mwanzoni aliniweka kwenye chumba cha mazutu, mafuta ya mashini. Yalikuwa meusi na mazito kama lami. Lazima kuyapasha moto ndipo yapite, kisha kuyachuja maji na uchafu. Baadaye akanipa kazi ya kupoza mashini. Maji ya bahari yalivutwa ndani kupitia nyavu za chuma, yakazunguka mashini, yakarudi baharini. Nyavu zikiziba, mashini zinachemka, na visiwa vinaingia giza. Kwa kazi hiyo nikapanda hadi kuwa shefu wa zamu.

Siku moja Kasereka, mdogo wangu aniitaye yaya, yaani kaka, alinipigia simu toka Butembo.

"Yaya, mama iko mugonjwa sana. Anakuuliza kila saa. Kuja."

Shefu alinipa ruhusa papo hapo. Ndege ilikuwa kesho yake, saa sita za mchana. Asubuhi hiyo nilikuwa nimeshafunga mfuko, majani ya bahari yakaja kwa wingi, yakaziba nyavu. Mashini mbili zikazimwa, ya tatu ikaanza kuchemka. Wenzangu wa zamu walikuwa wapya kwenye kazi ile.

"Nenda, Kambale," Shefu akasema. "Mimi sikuzuii."

"Na hospitali?"

Akaelekeza kidole nchi kavu. "Groupe yao imekufa. Wanatutegemea sisi. Lakini mama ni mama."

Nikavua shati la safari. Tulichomoa nyavu moja moja, tukakwangua majani kwa mikono mpaka jioni. Umeme haukukatika. Ndege ilikuwa imekwenda, na nyingine ilikuwa baada ya siku nne.

Niliposhuka uwanja wa ndege wa Rughenda, Butembo, Kasereka alikuwa amesimama peke yake. Alichukua mfuko wangu bila kunitazama.

"Tulikungojea siku mbili," akasema. "Donc, basi, tukamuzika jana."

Nilirudi kazini, nikakaa miaka mingi. Kasereka nilimweleza habari ya nyavu na hospitali; hakunigombeza, aliacha tu kunipigia. Nilikuwa na hamu ya mama, na hamu ya ndugu yangu aliye hai, na hii ya pili ilinilemea zaidi.

Mwishowe visiwa vilijenga santrali yao nchi kavu. Meli yetu ikavutwa kwenda kwingine, nami nikapata pansheni. Nyinyi vijana mnaoniletea groupe zenu nizitengeneze hapa Bulengera, mkinikuta nimeweka kiganja juu ya mashini na kufumba macho, mjue niko mbali. Ninautamani mtikisiko wa zile sita, na sauti ya Shefu.

Juzi Kasereka mwenyewe aliniletea groupe yake. Alikaa kwenye kiti kidogo, akanitazama nikifungua buloni, skrubu yake nene. Halafu akauliza:

"Yaya, mule mu hospitali, mulikuwa batu bengi?"

"Sijui," nikajibu. "Sikuingiaka mule hata siku moja. Nilikuwa naona tu madirisha, toka ku meli."

"Na ile siku, magaribi, mataa yake ilikuwa inawaka?"

"Ilikuwa inawaka. Yote."

Akainamia groupe. Kisha akasema, "Dimanche, siku ya Mungu, tukitoka ku misa, twende ku kaburi ya mama. Sisi bawili."

Nilitaka kurudisha buloni mahali pake, ikakataa kuingia. Kasereka akasogeza kiti, akaishika, akaifunga yeye.